UZI: Mamba wa Thomas Nast na vita ya dini kwenye shule za umma Marekani. Tuisome katuni hii kipande kwa kipande

KalamuNyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mjadala wa dini kwenye shule za serikali unapopamba moto Marekani, kuna katuni moja ya zamani inarudi mitandaoni: mamba wanatoka mtoni kuwafuata watoto ufukweni. Wengi wanaiweka ikiwa imekatwa kingo, mamba na watoto tu. Ukikata kingo za mchoro huu umetupa nusu ya hoja yake, na iliyobaki inaeleweka vibaya. Nauweka uzi huu tuisome yote.

Mchoraji ni Thomas Nast, mzaliwa wa Landau, Bavaria, mwaka 1840, aliyehamia New York akiwa mtoto. Katuni ilitoka katika jarida la Harper's Weekly tarehe 30 Septemba 1871, ikiitwa "The American River Ganges".

Anza na mamba. Mdomo ulioachama ndiyo kofia ya askofu: taya mbili zilizochongoka ni zile ncha mbili za kofia, na meno yamekaa pale ambapo pangekuwa na mapambo. Mwili ni wa mtu mwenye vazi la kiaskofu anayetambaa. Ukiitazama haraka unaona mnyama, ukitulia unaona maaskofu wa Kikatoliki. Hiyo ndiyo nguvu ya kiufundi ya mchoro: umbo moja linabeba vitu viwili na hakuna lebo iliyohitajika.

Mbele ya mamba wapo watoto wamejikunyata, na kijana mmoja amesimama kuwakinga, Biblia imechomekwa kwenye koti lake. Ishikeni hiyo Biblia, tutaihitaji. Nyuma yao ni jengo la shule ya umma linalobomoka, na bendera ya Marekani imepandishwa juu chini, ishara ya mabaharia ya kuomba msaada. Juu kwenye mwamba wanasiasa wanawateremsha watoto kwa mamba. Ni akina William Tweed, bosi wa chama cha Democrat jijini New York, na washirika wake. Columbia, yule mwanamke anayewakilisha taifa, anapelekwa kunyongwa. Ng'ambo ya mto lipo jengo lenye kuba kama la Basilika la Mtakatifu Petro la Roma, lakini limeandikwa Tammany Hall, yaani makao ya mtandao wa Tweed, na juu yake inapepea bendera ya Papa pamoja na ile yenye kinubi cha Ireland.

Jina nalo lina mzigo wake. Wasomaji wa Kiprotestanti wa wakati ule walikuwa wamelishwa hadithi za wamisionari kwamba akina mama wa Kihindu huwatupa watoto wao kwa mamba wa mto Ganges. Kwa hiyo mchoro unaitukana dini ya Wahindu ili kuwatukana Wakatoliki, na Wahindu wenyewe hawamo kwenye ugomvi hata kidogo.

Hoja yangu: katuni hii ilikuwa na lalamiko halali la fedha za umma, lakini mchoraji aliamua kulisema kwa kuwageuza watu wanyama. Uamuzi huo ulimsaidia mwaka 1871, ukaja kuuponza upande wake miaka 149 baadaye, mahakamani kabisa. Karibuni.

---

MwlHistoria

Asante kwa uzi, mkuu. Niongeze mazingira, maana bila hayo vijana watadhani Nast aliamka tu asubuhi akawachukia maaskofu.

Shule za umma Marekani karne ya 19 zilijiita za watu wote, lakini asubuhi zilisoma Biblia ya King James, tafsiri ya Waprotestanti, bila maelezo. Utaratibu huo wa kusoma bila maelezo ulionekana na Waprotestanti kuwa hauna upande. Kwa Mkatoliki ulikuwa na upande waziwazi: kanisa lake lilitumia tafsiri ya Douay, na kufundisha kwamba maandiko husomwa pamoja na mafundisho ya kanisa. Philadelphia, askofu Francis Kenrick aliomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kutumia Biblia yao. Mwaka 1844, mwezi Mei na tena Julai, kukazuka ghasia, watu wakauawa, na kanisa la St. Augustine likachomwa moto.

New York, askofu John Hughes alichukua njia nyingine. Alisema kama shule za umma ni za Kiprotestanti kwa vitendo, basi nasi tupewe fungu la fedha za shule. Mwaka 1840 hadi 1842 alipambana na hakupata fungu hilo. Wakatoliki wakajenga shule zao wenyewe kwa sadaka.

Hapo ndipo Tweed anaingia. Kura zake nyingi zilitoka kwa Waayalandi wahamiaji. Mwaka 1869, akiwa seneta wa jimbo, alipitisha kifungu kilichoruhusu sehemu ya fedha za jiji kwenda kwenye shule za binafsi, na zilizonufaika zaidi ni za Kikatoliki. Mwaka huohuo, Novemba, bodi ya shule ya Cincinnati ilipiga kura 22 kwa 15 kuondoa usomaji wa Biblia. Waprotestanti wakaona wanashambuliwa pande mbili kwa mpigo: Biblia inatolewa, fedha zinaondoka.

Halafu angalia tarehe. Julai 1871 yalitokea mambo mawili New York: maandamano ya Orange, chama cha Waprotestanti wenye asili ya Ireland, yaliyoishia na vifo vya watu zaidi ya 60, na gazeti la New York Times kuanza kuchapisha hesabu za wizi wa Tweed. Katuni ya mamba ikatoka Septemba, uchaguzi ukiwa Novemba. Ni katuni ya kampeni, na watu wa Tammany walipigwa vibaya uchaguzi ule ingawa Tweed mwenyewe alirudi kwenye kiti chake cha useneta.

---

FundiChapa

Wakuu, naomba nigusie uchapaji, kwa sababu mambo mengi mnayoyaona kama mtindo wa Nast ni matokeo ya ubao.

Harper's Weekly ilichapa picha kwa mbao zilizochongwa. Ubao ulikuwa wa boksiwudi, mti mgumu sana lakini mwembamba, unaokatwa kwa kukingama ili ncha za nyuzi zitazame juu. Kwa kuwa shina ni jembamba, ubao wa ukurasa mzima haupatikani kwa kipande kimoja. Vipande vidogo viliungwa kwa bolti upande wa nyuma, unene sawa na herufi za chapa, kama milimita 23, ili picha na maneno viingie kwenye mashine pamoja.

Uso wa ubao ulipakwa rangi nyeupe nyepesi. Nast alichora juu yake kwa penseli, na alichora kinyumenyume, kushoto kuwa kulia, pamoja na maandishi. Kisha bolti zilifunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake, na kazi ya siku nyingi ikagawanywa kwa usiku mmoja au mawili. Mchongaji alikuwa anaondoa kilicho cheupe na kuacha mistari imesimama. Mistari iliyokatizana unayoiona kwenye miili ya mamba ni vishimo vidogo vyenye pembe nne vilivyotolewa kimoja kimoja kwa ncha ya chuma.

Shida ilikuwa kwenye maungio. Kila mchongaji ana mkono wake, kwa hiyo mistari inayovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine ilichongwa kwanza na fundi mkuu kabla ya kufungua bolti. Ikikosewa, au vipande vikisogea kidogo baada ya kurudishwa, kwenye karatasi unaona uzi mweupe ulionyooka ukikata picha. Zitafuteni alama hizo kwenye nakala za zamani, zinaonekana.

Ubao wenyewe haukutumika kuchapa nakala zote, ungekwisha. Ulibanwa kwenye nta, nta ikapakwa unga wa grafaiti ili ipitishe umeme, ikatumbukizwa kwenye maji ya shaba hadi utando wa shaba ukajijenga, kisha ukamiminiwa risasi nyuma. Bamba hilo ndilo lililoingia mashineni.

Ndiyo maana katuni za enzi ile zimejaa vitu. Kila mchoro ulikuwa na gharama kubwa, basi kila inchi ilipewa kazi. Ndiyo maana pia ukikata kingo unapoteza hoja, kama alivyosema mwanzisha uzi.

---

NjiaPanda

Nimewasoma wote na nakubali mengi, ila naona mnamhukumu Nast kwa kipimo cha leo. Februari mwaka huohuo wa 1871 alichora Columbia akimkinga Mchina dhidi ya kundi la watu wenye hasira, wakati magazeti mengi yaliwashambulia Wachina. Aliwatetea Weusi baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Na yeye mwenyewe alibatizwa Mkatoliki. Hasira yake ilikuwa juu ya fedha za walipa kodi kuingia kwenye madhehebu. Hilo ni jambo la msingi, hata leo tungelipinga.

---

KalamuNyeusi

NjiaPanda, unayoyasema kuhusu Wachina na Weusi ni kweli na yanafaa kuwekwa wazi, kwa sababu yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na macho makali upande mmoja na kuwa kipofu upande mwingine. Ila kwenye hoja ya fedha nakupinga kwa kutumia michoro yake mwenyewe.

Mwaka 1870 alichora katuni nyingine kuhusu shule hizihizi, ikilinganisha zilivyo na zinavyoweza kuwa. Sehemu moja watoto wa asili mbalimbali wanacheza pamoja, nyingine ni mgao wa fedha kwa madhehebu na ugomvi unaofuata. Hoja ya fedha imekaa pale vizuri kabisa, na hakuna aliyegeuzwa mnyama. Kwa hiyo njia alikuwa nayo, na aliijua.

Sasa rudi kwenye Biblia niliyosema muishike. Kama hoja ni kwamba dini isiingie shule ya umma, Biblia ndani ya koti la mlinzi inafanya nini pale? Mchoro unasema dini ya maaskofu ni mamba, na dini ya kijana yule ni ngao. Huo si utenganisho wa dini na serikali. Ni kubakiza dhehebu moja ndani na kulifungia mlango jingine. Kila ukisoma katuni ya mjadala huu, ya zamani au ya jana, tafuta kitu cha dini ambacho mchoraji hakukiona kuwa cha dini.

---

WakiliMdogo

Hapo kwenye Biblia ndipo sheria yenyewe ilipojikwaa, KalamuNyeusi.

Harper's ilichapa tena katuni ya mamba Mei 1875. Septemba mwaka ule Rais Ulysses Grant alihutubia Des Moines, Iowa, akitaka fedha za shule zisiende kwa dhehebu lolote. Desemba, mbunge James Blaine akapeleka pendekezo la kubadili Katiba: kodi iliyokusanywa kwa ajili ya shule za umma isiwe mikononi mwa dhehebu. Agosti 1876 Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 180 dhidi ya 7. Seneti ikapata 28 kwa 16, pungufu ya theluthi mbili kwa kura mbili, ikafa hapo.

Tazama sasa maneno ya toleo la Seneti. Liliongeza kwamba kifungu hiki kisichukuliwe kuwa kinakataza kusoma Biblia katika shule yoyote. Yaani ile Biblia ya kwenye koti ilitiwa ndani ya rasimu ya Katiba, na mamba wakabaki nje.

Pendekezo lilipokufa kitaifa, likaingia kwenye katiba za majimbo mengi. Montana ililiweka mwaka 1889 na kuliandika upya 1972. Mwaka 2015 jimbo hilo likaanzisha unafuu wa kodi wa hadi dola 150 kwa anayechangia mfuko wa kusomesha watoto shule binafsi. Mahakama ya jimbo ikaufuta mpango wote kwa kutumia kifungu kile, kwa kuwa fedha zingefika kwenye shule za dini. Kesi ya mzazi aitwaye Espinoza ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Juni 2020 majaji watano dhidi ya wanne wakasema huwezi kuwanyima shule za dini kwa sababu tu ni za dini.

Na hiki ndicho mwanzisha uzi alichokuwa anakielekea: jaji Samuel Alito, katika maoni yake ya kuunga mkono, aliibandika katuni ya Nast ndani ya hukumu. Picha yenyewe, si maelezo tu. Akaitumia kuonyesha kwamba vifungu vya aina hii vilizaliwa kwenye chuki dhidi ya Wakatoliki.

Niweke angalizo moja, kwa sababu watu hulipitiliza. Si kila katazo la fedha kwa dini lilitoka kwa Blaine. Wisconsin ilikuwa nalo kwenye katiba yake ya 1848, na mwaka 1890 mahakama yake ya juu iliwapa ushindi wazazi wa Kikatoliki wa Edgerton waliopinga usomaji wa Biblia ya King James shuleni. Kanuni ya kutenganisha iliwahi kuwa kinga ya Wakatoliki haohao. Katuni ya mamba haiwezi kukwambia hilo, na jaji aliyeichagua hakuwa na sababu ya kulisema.

---

Mtaa_wa_Saba

Uzi mzuri. Msiishie kwa Nast. Upande wa waumini nao ulikuwa na wachoraji mahiri.

E. J. Pace, mchoraji wa Kikristo, alichora ngazi inayoshuka. Ilichapwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla ya kesi ya Scopes ya 1925 huko Dayton, Tennessee, ambako mwalimu alishtakiwa kwa kufundisha mageuko ya viumbe. Ngazi ya juu ni Ukristo. Zinazofuata, moja moja, ni kukana kwamba Biblia haina kosa, kukana miujiza, kukana ufufuo, hadi chini kabisa kwenye kukana Mungu. Watu watatu wanashuka, wamevaa nadhifu na wanaheshimika. Hakuna pepo, hakuna mnyama. Nguvu yake iko kwenye umbali wa ngazi: kila hatua ni fupi, na anayeshuka haonyeshi hofu. Mpinzani wake anaweza kusema ngazi moja haimlazimishi mtu kushuka nyingine, na hapo wanabishana kwa hoja. Wachoraji wa magazeti ya mijini kwenye kesi ileile walijaza nyani. Nyani walichekesha juma moja, na hawakumjibu mzazi wa Tennessee swali lake la nani aamue mtaala.

Mfano wa pili ni Herblock, mchora katuni wa gazeti la Washington Post. Tarehe 25 Juni 1962 Mahakama ya Juu ilizuia sala iliyotungwa na serikali ya jimbo la New York, sala ya maneno 22. Tarehe 17 Juni 1963, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikazuia usomaji wa Biblia ulioamriwa na sheria, kama ule wa Pennsylvania wa aya kumi kila asubuhi. Kesho yake Herblock akachora baba mwenye hasira, gazeti mkononi, akiuliza kama sasa wanatarajia wazazi wakae nyumbani kuwasikiliza watoto wakisali. Mstari mmoja wa maneno, na swali limehama kutoka mahakamani hadi sebuleni. Hamgusi Mungu, hagusi dhehebu. Anamgusa mzazi aliyetaka shule imfanyie kazi yake. Ukilinganisha na ubao uliojaa wa Nast, Herblock anatumia sehemu ndogo sana ya vitu na anafika mbali.

---

Binti_wa_Tanga

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: mwalimu akitaka kuitumia katuni ya mamba darasani, aifanyeje isije ikawa inafundisha chuki? Na je, inafaa kwa mjadala wetu wa huku?

---

MwlHistoria

Marahaba binti.

Kwanza nakala. Pakua ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mchoro wa 1871 hauna tena hakimiliki, lakini kazi za Herblock bado zinalindwa, usizisambaze ovyo. Chapisha kwa kijivu, si nyeusi tupu na nyeupe tupu. Fotokopi ya kawaida huunganisha mistari iliyokatizana, mamba wanakuwa madoa, na wanafunzi hawataiona kofia ya askofu. Tumia A3, kwa sababu ukurasa wa Harper's ulikuwa karibu inchi 11 kwa 16, hivyo utapata ukubwa unaokaribiana na wa asili. Nakala moja kwa wanafunzi wanne inatosha.

Katika kipindi cha dakika 40, dakika 10 za mwanzo ziba kichwa na maandishi, waorodheshe wanachokiona tu. Wakisema "hawa ni wabaya", waulize mchoraji ametumia nini kukufanya useme hivyo. Dakika 10 zinazofuata fungua maandishi, taja tarehe na uchaguzi wa Novemba. Zinazobaki wape kazi ya kuandika hoja ya mchoraji kwa sentensi mbili bila kutaja mnyama. Hapa ndipo darasa linapokwama, na kukwama huko ndiko unakokutafuta: hoja ya fedha inaandikika, hoja ya mamba haiandikiki. Kosa la kawaida ni mwalimu kueleza yote mwanzoni; wanafunzi wananakili na hawaoni tena.

Kuhusu huku kwetu, mfano huu haubebeki mzima mzima. Marekani wanagombania kama dini iingie. Tanzania mitihani ya kidato cha nne ya taifa ina Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kenya nako zipo za Kikristo, Kiislamu na Kihindu. Dini iko ndani tayari. Ugomvi wa kwetu ni nani anashika usukani: sare, ibada za lazima, na shule za serikali zilizoanzishwa na makanisa. Kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya Januari 2019 ilihusu hayo. Mchoraji wa kwetu akichora ukuta kati ya kanisa na serikali atakuwa amechora Marekani.

---

KalamuNyeusi

Nimalizie na wanaochora sasa hivi, kwa sababu mabango ya Amri Kumi yamewarudisha wengi kwenye meza zao.

Louisiana mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kubandika bango kila darasa la umma, lisipungue inchi 11 kwa 14. Texas ikafuata 2025 kwa inchi 16 kwa 20. Kentucky iliwahi kuamuru ukubwa huohuo wa 16 kwa 20, yakilipiwa kwa michango ya watu binafsi, na Mahakama ya Juu ikayazuia mwaka 1980 kwa kura 5 dhidi ya 4. Hukumu ile ilisimama juu ya kipimo cha kisheria cha 1971 cha kuamua kama sheria inachanganya dini na serikali, na mwaka 2022, kwenye kesi ya kocha aliyesali uwanjani Bremerton, mahakama ikasema imekiacha kipimo hicho. Ndiyo sababu majimbo yanajaribu tena, na kesi zimefunguliwa.

Kiufundi, inchi 11 kwa 14 ni kama sentimita 28 kwa 36, kubwa kuliko A4 lakini ndogo kuliko A3. Ukichora mawe mawili yanayoziba ubao na kuwaangukia watoto, anayeunga mkono sheria atakuonyesha karatasi halisi na mchoro wako umekwisha. Chora bango kwa kipimo chake, ukutani, karibu na saa. Kisha amua mtoto anakaa wapi na anatazama nini. Mpe mtoto uso. Usimfanye alama ya dhehebu. Ukihitaji mtu wa kulaumiwa, chora mbunge aliyepiga kura kwa sura yake na jina lake, usichore waumini kwa kundi. Na kabla hujatia wino, angalia kila kitu ulichokiweka upande unaoupenda, uone kama hakuna kijana mwenye kitabu ndani ya koti.